Chai Mbaya kwa Makusudi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeumbuka. Keith wa stoo ameiona chupa yangu ya chai kwenye buti la gari, nyuma ya mwavuli. Miaka tisa nimeificha! Aliingia nayo ofisini ameinyanyua juu, akawauliza wenzetu kama na wao wanayaona anayoyaona yeye.

Sheria ya ofisi yetu ya mazulia ni moja. Anayeinuka kujichemshia chai huwauliza wote, na huwachemshia wote. Ndiyo maana mimi siinuki. Mwenzangu akisimama, nainua kikombe. Wasiposimama, natoka eti kwenda kuangalia tairi, nikanywe ya chupa yangu.

Sunita, bosi wetu, kasema wiki hii nzima zamu ni yangu. Doreen, anayepokea simu za oda, akanitetea: labda Desmond ana shida ya tumbo. Hapo ndipo nilipoona haya zaidi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa! Mtu anayechemsha chai mbaya huambiwa apumzike, wachemshe wengine. Chai mimi naijua: kifuko cha majani kikae dakika nne, maziwa yaje mwisho, rangi iwe ya tofali. Basi nikafanya kinyume. Maziwa kwanza. Maji ya uvuguvugu. Kifuko nikakichovya mara tatu, nikakihamishia kikombe cha pili. Ikatoka kama maji ya kufulia soksi.

Nikasubiri kelele. Sunita akasema nzuri sana, asante. Keith akasema imemkata kiu. Doreen aliinywa mpaka mwisho. Sisi Waingereza wa Accrington tutakufa kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi

Kifuko kimoja, vikombe vitatu. Cha jana. Changu nilikitengeneza sawasawa, nikakinywa nimekiinamia wasione rangi.

Nikaambiwa asante, Desmond, ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe!

Mchana nikaona ua la chungu karibu na meza ya Keith limelegea. Nikatia kidole kwenye udongo. Unanuka maziwa. Kumbe yeye na Sunita wanamwaga! Wako radhi kuua ua kuliko kuniambia. Kikombe cha Doreen tu ndicho kinachorudi kikavu, na yeye anakaa mbali na ua.

Alhamisi, 7 Machi

Tulipobaki wawili nikamwuliza Doreen kwa nini yeye hamwagi kama wenzake. Doreen huita kila mtu mpenzi, hata mleta barua.

"Mbaya ni mbaya, mpenzi, sikufichi," akasema. "Lakini mume wangu Harold alikuwa ananiletea kikombe kitandani kila asubuhi. Miaka arobaini na moja. Tangu tumzike Januari hakuna mtu aliyeniletea chai pale nilipokaa. Wewe hujui kuchemsha, lakini unaniletea."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko muda mrefu. Mama wa watu anakunywa uchafu wangu akidhani ni wema. Kesho namchemshia chai ya kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya samaki na chipsi. Keith alizileta za moto, karatasi imelowa siki, njegere za kuponda pembeni. Hakuna chakula duniani kinachozidi hicho, na anayebisha hajala kikiwa cha moto huku mvua inapiga dirisha.

Nikachemsha. Vikombe vyote, maana kizuri kimoja peke yake kingenisuta. Dakika nne. Maziwa mwisho. Sikufikiri kwamba vizuri vinne vingenisuta mara nne.

Sunita akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. Keith akasema, "We mzee, siku zote hizi!" Doreen alikunywa funda moja, akakiweka chini taratibu.

"Kumbe unajua," akasema.

Hakuniita mpenzi. Nikamwomba radhi. Akasema si neno, akapokea simu ya mtu anayetaka zulia la ngazi. Ningependa zaidi anipige. Chipsi zangu nilizilia stoo, nimesimama katikati ya mazulia, na sikusikia ladha hata ya siki.

Jumatatu, 11 Machi

Sunita ametangaza kwamba kazi ya chai ni yangu mpaka nistaafu. Doreen akasema yeye asihesabiwe, atajichemshia mwenyewe. Maneno hayo yaliniuma siwezi kusema.

Halafu nikaikumbuka sheria. Anayeinuka huwachemshia wote!

Saa nne Doreen akainuka. Akauliza kila mtu, hata mimi. Nikainua kikombe upesi. Bado nilikuwa najipongeza aliporudi na trei.

Vya wenzangu vilikuwa rangi ya tofali. Changu kilikuwa vuguvugu, maji ya soksi kabisa. Hakuondoka. Alisimama mbele yangu na trei yake, akingoja ninywe.

Nikasema nzuri sana, asante. Nikainywa mpaka mwisho, na kila funda nililistahili.

"Karibu, mpenzi," akasema, akarudi kwenye simu yake. Nusura nilie.

Jioni nimenunua chupa mpya ya chai. Nyembamba. Inaingia vizuri kabisa katikati ya tairi la akiba, na huko Keith haoni kitu.