Kengele ya Pande Mbili

Jumatatu, 12 Mei
Nimejiponza. Maonyesho ya sayansi ni Ijumaa. Mudrick alileta bodi yake ya saketi: shaba upande mmoja, nyaya zinarukana juu kama tambi. Wote wakamsifu. Mimi, ambaye hata jina likiitwa huitika kwa kunong'ona, nikasema naweza kutengeneza ya pande mbili, bila waya hata mmoja, iendeshe kengele ya shule. Kwa nini! Mwalimu Anyesi akafurahi mno. Akanipa kipande cha mwisho cha shaba cha klabu ya sayansi. Nikishindwa, ufunguo wa maabara ninaoutunza unakwenda kwa Mudrick. Maabara! Mahali pekee ninaposoma wakati wa mapumziko bila kuulizwa kwa nini sichezi mpira. Mudrick akauliza kama pande zangu zitakuwa zinasalimiana.

Jumanne, 13 Mei
Kitabu kinasema: chapa mchoro wa kila upande kwenye karatasi ya kung'aa, laza juu ya shaba, piga pasi, wino uhame. Taabu ni moja. Matundu ya juu lazima yaangukie ya chini. Yakipishana kidogo tu, kwaheri maabara. Nimechana kalenda ya parokia inayong'aa, Novemba na Desemba. Kijana wa steshenari hapa Kikuyu, Dodoma, aliyenichapia michoro akauliza kama Paroko anajua. Nyumbani nikabandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, nikazisogeza mpaka nukta za matundu zikalaliana, nikazibana ziwe bahasha. Safi kabisa.

Jumatano, 14 Mei
Si safi. Ili nizione nukta vizuri, niligeuzia michoro nje. Shaba ikaingia kwenye bahasha, ikapigwa pasi kwa moyo wote, ikatoka tupu. Wino umehamia kwenye kitambaa cheupe nilichoweka chini ya pasi. Ni kola ya Mama ya kwaya. Mchoro umekolea, mzuri kweli! Mama akauliza, kwa ile sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya, kama Jumapili asimame mbele ya waumini na ramani ya Dodoma shingoni. Nikamwambia shikamoo. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Alhamisi, 15 Mei
Kalenda tena, Septemba na Oktoba. Michoro ndani safari hii. Nikatoboa shaba kwa msumari tundu moja la mwisho wa kushoto, nikapitisha pini ya Mama, karatasi, shaba, karatasi, kisha pasi. Pini ikatokea palepale! Dada yangu Zipora akauliza mbona nimeshika kushoto tu, karatasi si itazunguka kama mlango kwenye bawaba? Nikamwambia asome HKL yake, historia na lugha zake, aniachie sayansi. Upande wa kulia sikuukagua. Niliogopa nitakachokiona. Maabarani nikaizamisha bodi kwenye dawa inayokula shaba, nikatoboa matundu yaliyobaki, nikachomelea vifaa.

Ijumaa, 16 Mei
Kushoto matundu yalikutana. Kulia karatasi ilikuwa imezunguka, na njia za umeme zisizohusiana zimegusana. Nilijua hivyo baadaye. Kwanza nilibonyeza. Kengele ikalia. Haikunyamaza! Mgeni rasmi, mzee mmoja kutoka Hombolo, alikuwa bado kwenye utangulizi. Kidato cha kwanza wote wakadhani ni chakula, wakakimbilia maharage. Nikaingia chini ya meza. Mwalimu Anyesi akachomoa betri, akanyoosha mkono, nikatoa ufunguo bila kuambiwa. Mudrick akaupokea kwa mikono miwili. Akasema pande zako zimesalimiana, kaka, mpaka zimekumbatiana.

Jumamosi, 17 Mei
Sikutoka nje. Nimefikiri sana na kosa nimelipata: pande mbili ni chache. Kitabu kina sura nzima ya bodi za tabaka nne. Moja ikikosea, tatu zinabaki! Nimemtumia Mudrick ujumbe kabla sijaogopa. Ijumaa ijayo naleta ya tabaka nne, anirudishie ufunguo. Nikishindwa, achukue na begi langu la vitabu.
Amekubali. Ameomba nilifue kwanza.