Siku Profesa Alipokuja Ikonge Kuona Mashine Yangu

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Profesa, mbele ya Mama, na mbele ya akina mama wa kanisa waliokuwa wamevaa nguo za Sabato siku ya kazi, kwa heshima yangu.

Kwa wasiojua, mimi nasomea uzamili wa uhandisi wa mitambo. (Kwetu Ikonge maana yake ni kwamba redio yoyote ikinyamaza, naitwa mimi.) Utafiti wangu ni mashine ya kukausha ndizi kwa jua. Ni sanduku refu la mbao na bati jeusi, kioo juu, trei za waya ndani. Niliijenga nyuma ya jiko la Mama, nikaipima, ikafanya kazi vizuri tu. Kisha nikarudi Kisii mjini kuandika tasnifu. Mama nikamwachia kazi moja: aendelee kuweka ndizi.

Kilichobaki ni Profesa, msimamizi wangu, aione kwa macho yake. Asipoiona na kuridhika, sitetei tasnifu mwezi ujao. Na Profesa ni mama wa Pwani, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Akikuandikia "Una hakika?" pembeni mwa ukurasa, hulali.

Jana nikapiga simu nyumbani.

"Mama, mashine iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

"Kuna kitu ndani?"

"Imejaa."

Nikafurahi! Nikashuka soko la Daraja Mbili nikajinunulia koti la mtumba, jeupe, lenye mabega ya mkurugenzi. (Nani huenda kwenye mashine na koti jeupe? Mimi.)

Asubuhi Profesa akanibeba kwa gari lake. Njia nzima mdomo wangu haukufungwa. Nilimweleza mzunguko wa hewa, nikamweleza unyevu, nikamweleza jinsi wakulima wa Nyamira nzima watakavyonikumbuka. Yeye aliitikia tu, "Ehe," huku akitazama mashamba ya majani chai.

Kufika, boma limefagiliwa, viti vimepangwa, akina mama wameketi. Mashine imefunikwa gunia safi juu ya kioo. Nikajua Mama ameifunika kama bibi harusi, ili nije niifunue mwenyewe. Machozi yalinilengalenga.

"Bwakire, mwalimu!" Mama akamsalimia Profesa, akamshika mikono yote miwili. Kisha akanigeukia. "Injinia, njoo kidogo."

"Baadaye, Mama."

"Ni jambo dogo tu."

"Mama, baadaye!"

(Haya masikio nilipewa ya kazi gani?)

Nikasimama mbele ya mashine. Nikakohoa. Nikaanza.

"Profesa, jua likiwaka hivi, joto humu ndani hufika nyuzi sitini. Ukungu unakufa. Wadudu wanakufa. Kwa kifupi, hakuna kiumbe kinachoweza kuishi humu."

Akina mama wakatazamana. Mmoja akaanza kukohoa ndani ya leso. Nikadhani ni elimu imewazidi.

Nikavuta mlango.

Kuku.

Kuku mwekundu, mnono, ametanda kwenye trei ya chini kama mwenye nyumba. Alinitazama kwa jicho moja. Chini ya bawa lake kikachomoza kichwa kidogo cha manjano. Kikasema, "Pii."

Profesa akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu kuku mzima?"

"Mzima, mwalimu!" Mama akajibu kwa fahari. "Anatotoa tangu alfajiri."

"Nyuzi sitini, mwanangu?" Profesa akaniuliza taratibu. "Mbona huyu hajawa mchuzi?"

"Kama Shadraki kwenye tanuru!" akasema jirani yetu, Mama Kemunto.

"Amina!" wakaitikia wote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Niliingiza mkono kumtoa. Jamani, msimguse kuku mwenye vifaranga. Aliruka akatua kifuani pangu, akadona, akapiga mabawa, akaachia mzigo wake wote kwenye lile koti. Mimi nikapiga yowe kwa Ekegusii cha ndani kabisa, nikakimbia kuzunguka jikoni, kuku nyuma yangu. Injinia mtarajiwa huyo!

Niliporudi, Profesa alikuwa amekaa chini anajipepea, machozi yanamtoka. Mama alikuwa anamweleza mambo yote. Nguchiro alikuwa amemaliza mayai ya mwanzo. Basi Mama akatafuta mahali pasipoingilika, akaona mashine ya bintiye. Akafunika kioo ili kuku asiungue, akafungua vidirisha vya hewa.

"Si wewe ulinifundisha kwamba vinapunguza joto?" akaniuliza.

"Na ndizi, Mama?"

"Tulizila. Zilikauka vizuri sana. Hata mchungaji alisifu."

Yaani ushahidi wangu wa kisayansi umeteremshwa kwa chai.

Profesa akajikusanya, akasimama. "Mashine umeijenga vizuri," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba nimeona ndizi ilhali nimeona kuku. Vifaranga wakitoka, upime upya. Nitarudi. Utatetea muhula ujao."

Muhula ujao! Nikabaki na koti lile.

Mngedhani ataondoka. Wapi! Alikaa akala ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akaongeza tena, huku wakijadiliana na Mama namna ya kumkomesha nguchiro. Mama Kemunto akaninong'oneza nimtengenezee na yeye mashine, "lakini ile ya kuku, hiyo ya ndizi sitaki." Wengine wawili wakasema na wao pia. Mwaka mzima nimekuwa nikiwabembeleza wakulima hawa waipokee teknolojia yangu.

Jioni hii simu imelia. Nikajua ni Profesa ananipa moyo. Kumbe anataka namba ya Mama.

Sasa hivi wanaongea, nusu saa sasa, na kila mara namsikia Mama akisema, "Huyo? Tangu utotoni!" Tafadhali msicheke. Nina watu wawili wa kutosha kwa kazi hiyo.