Sista Wanjiro Anatumalizia Hadithi

Mama Mwanzia,
Kijiji cha Kwa Nyamai,
Njia ya Tseikuru.

Kwa Madam Msimamizi wa Wauguzi wa Vijijini,

KUH: MUUGUZI ANAYEHARIBU KIJIJI KWA KUFANYA KAZI

Madam, natumai uko salama pamoja na wote wa ofisi yako. Mimi pia ni mzima, ni magoti tu yananisumbua kidogo. Jina langu ni Mbithe, mke wa Mutunga, mzee wa kanisa, na mama wa watoto sita ambao wote wanajua kusalimia watu. Nilisoma mpaka darasa la saba na nilikuwa nambari mbili. Nambari moja alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hivyo unaelewa. Nasema haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo.

Lalamiko langu ni juu ya Sista Wanjiro, yule muuguzi mliyetuletea miaka mitatu iliyopita, anayezunguka na pikipiki kuwatembelea akina mama wajawazito. Sina ubaya naye. Ni msichana mzuri, anajifunza Kikamba, na ananiita Mwaitu kama vile nimemzaa mimi. Lakini ametukosea, na makosa yenyewe ni haya:

1. Ametumalizia hadithi. Kila Jumatano baada ya maombi, wanawake wa chama chetu hukaa wakasimuliana walivyozaa. Mimi huwa wa mwisho, kwa sababu baada yangu hakuna anayetaka kuongea tena. Mwanzia wangu nilimzaa njiani nikipeleka mbuzi sokoni, ndiyo maana tukamwita Mwanzia, mtoto wa njia. Nilimfunga kwa leso nikaendelea na safari, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyepotea. Mumbua alikuja na mvua iliyong'oa mabati ya jikoni, nikazaa nikiwa na sufuria kichwani. Muindi nilimzaa jikoni kwa pasta, harambee ikiendelea huko nje, na ugali haukuungua.

Sasa waulize wasichana wa siku hizi. Mwongeli wa kwa Kaveke alisimama juzi, sote tukanyamaza kumsikiliza. Akasema, "Nilienda, nikalala, nikazaa, nikapewa chai." Akaketi! Madam, hiyo ni hadithi au ni taarifa ya redio? Watoto wote wanazaliwa kwenye kitanda kimoja cha zahanati, chini ya dirisha moja. Tutawaita nani? Kitanda?

2. Amechora pasta. Alikuja kwangu akahesabu wiki za Yvonne, mke wa Mwanzia, ambaye anakaa na sisi kwa sababu Mwanzia anafanya kazi Malili. Alipomaliza kuhesabu, akazungushia tarehe duara jekundu kwenye kalenda yetu ya kanisa. Kalenda hiyo ina picha ya pasta, na duara limepita juu ya paji lake la uso. Wageni wanatuuliza pasta aliumia lini.

3. Amemharibu mume wangu. Sista huwaita wanaume kwenye mkutano, anawafundisha dalili za hatari kwa mama mjamzito. Mzee Mutunga, ambaye kila nikizaa alikuwa anaenda kuangalia ng'ombe, hata mwaka ule hatukuwa na ng'ombe, siku hizi ananieleza habari ya presha nikimpakulia muthokoi. Na kwa heshima zetu, baba mkwe hawezi kumwuliza mke wa kijana wake mambo ya mwili. Kwa hivyo anasimama kwenye boma anawauliza mbuzi kwa sauti kubwa, "Kuna mtu hapa amevimba miguu?" Naye Yvonne, bila aibu, anajibu kutoka jikoni, "Hapana Baba, iko sawa!" Mbuzi wangu hawali vizuri tena.

4. Anauliza sana. Siku ile ya kalenda aliniuliza mimi mwenyewe nimezaa mara ngapi. Nikamwambia sita. Akaweka kalamu chini akaniangalia. Ikabidi nimwambie ni saba, lakini yule wa nne hana hadithi. Akasema, "Sawa, Mwaitu," akaandika saba. Mimi sikumtuma aandike saba.

5. Hili ndilo kubwa. Kuna nyumba ya kungojea karibu na zahanati, na Sista anataka Yvonne ahamie huko wiki mbili kabla ya siku yake. Sababu anayotoa ni kwamba kati yetu na zahanati kuna ule mto wa mchanga, ambao hujaa mvua ikinyesha, na mvua iko karibu. Madam, mtoto huyo akiwa msichana ataitwa Mbithe, jina langu! Mbithe azaliwe bila hadithi, eti kwa sababu alifika mapema? Nilikataa. Sista amerudi mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini tukapukusa mahindi pamoja, na nyumba ya kungojea hakuitaja hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniudhi kabisa.

Kwa hivyo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, Sista aamriwe kuacha mtoto mmoja katika kila kumi azaliwe njiani, na huyo mmoja aanze na wa kwangu. Pili, njia yetu ya kwenda zahanati, kilomita kumi na moja, iwekewe benchi katikati, yenye kivuli, ili hadithi ipate mahali pa kutokea bila mtu kuchafuka. Tatu, Sista awe akifika akiwa amechelewa kidogo, tuseme mtoto akiwa ameshalia, na yeye akate kitovu na kupongeza. Nne, akikataa hayo yote, mhamishieni Malili, kando ya barabara kuu, ambako malori yanaleta hadithi zao wenyewe. Lakini aache pikipiki. Na mtuletee mwingine anayejua kazi sawasawa na yeye.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva, mlinzi wa lango, na mama yako mzazi kama yuko. Mwulize alikuzalia wapi. Utaona kama hatasimama kusimulia.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako nikiwa nimekaa mlangoni,

Mbithe Mutunga (Mama Mwanzia)

Nyongeza: Madam, barua hii imekaa karibu wiki mbili bila kutumwa, kwa sababu wa kuituma ni mimi, na mimi nilikuwa zahanati.

Jumapili ile baada ya kuandika niliona mawingu, nikamwambia Yvonne afunge nguo zake. Hakuna mtu niliyemweleza sababu. Tulivuka mchanga ukiwa mkavu. Jumanne mto ukajaa. Alhamisi, saa nne asubuhi, Mbithe mdogo alizaliwa, kilo tatu na nusu, na sauti kama yangu. Halafu damu ya Yvonne ikaanza kutoka na haikutaka kusimama. Sista hakupiga kelele. Alimdunga sindano, akamkanda tumbo kwa nguvu, akaniambia, "Mwaitu, mshike mkono, ongea naye asilale. Si una hadithi?" Nikamsimulia Yvonne ile ya Mwanzia, njia nzima, mbuzi mmoja mmoja kwa jina lake. Nilipofika sokoni, damu ilikuwa imesimama.

Baadaye nilimwambia Sista habari ya yule wa nne. Alikuwa mvulana. Mto ulikuwa umejaa, nikakaa ukingoni na punda, nikiwa na uchungu tangu asubuhi, na maji yalipopungua mtoto alikuwa ameshatuacha. Ni hiyo tu. Sista akaniuliza jina lake. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia Kilonzo, akaliandika.

Kwa hivyo, Madam, usimhamishe. Mkijaribu, mtanikuta mimi na wanawake wa chama tumekaa juu ya hiyo pikipiki. Benchi bado tunaitaka, kwa mama anayerudi nyumbani amebeba mtoto. Pasta naye abaki na duara lake, ameshazoea.

Jana ilikuwa Jumatano. Chama kizima kilinigeukia nisimulie alivyozaliwa Mbithe, hata Mwongeli akasogeza kiti karibu. Nikasimama, nikasema, "Alienda, akalala, akazaa, akapewa chai."

Nikaketi.