Pande Zote Mbili za Raundabauti

Jumatatu, 3 Juni 1996

Dereva wa kiwanda anastaafu! Nafasi ni yangu au ya Wamalwa, mwenzangu wa stoo, yule anayepiga pasi hadi soksi. Sharti ni leseni kufikia Ijumaa. Mtihani ni Alhamisi. Dereva hupewa nyumba kule Gitothua, yenye mfereji wa maji ndani! Nimemwambia mke wangu Bridget aanze kufunga vitu. Amefurahi mno. Tayari amemgawia jirani, Mama Sumeya, madumu yake yote ya maji.

Jumanne, 4 Juni

Wamalwa ameshinda kantini akisukuma kiberiti mezani kama gari, eti anajifunza kuzunguka raundabauti. Mtu mzima! Nimecheka hadi chai ikanitoka puani.

Mimi natumia kichwa. Mwalimu Ndila wa fizikia, tunayepakana naye hapa Makongeni, ameniambia wako wanasayansi wanaoamini kwamba kila linaloweza kutokea hutokea, kila moja katika dunia yake. Kumbe iko dunia ambayo nimeshapita! Sasa nisome nini?

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu Ndila amenisimamisha njiani kunirekebisha. Anasema hayo yamesimama juu ya dhana, na hakuna aliyezithibitisha. Kwanza, kwamba hesabu inayoongoza chembe ndogo kabisa haikomi popote, inatawala hata watu na magari. Pili, kwamba anayetazama hana cheo chochote, naye hugawanyika kama wengine. Tatu, dunia zikishaachana hakuna kuvuka. Hilo la tatu sikulisikiliza sana, nilikuwa na haraka.

Lakini la pili! Mtahini ni mtazamaji tu! Kalamu yake haiamui kitu. Kitabu cha alama za barabarani nimekitupa juu ya kabati.

Alhamisi, 6 Juni

Mtihani. Mezani pana bodi yenye mji mdogo, na gari la kuchezea. Mtahini akaniambia, "Wewe ndio hii gari. Ingia raundabauti, enda soko." Akauliza naingia kwa upande gani. Nikajibu, pande zote mbili.

"Kwani uko wangapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba hata yeye yuko wengi. Akaandika X. Nikamwambia asijali, hayo ni maoni yake. Akaandika X nyingine, kubwa zaidi.

Wamalwa aliingia kwa kushoto. Amepita.

Ijumaa, 7 Juni

Wamalwa amepewa funguo. Akaja kiungwana kunipa kiberiti chake nifanyie mazoezi. Nimekiwashia sigara.

Nyumbani, masanduku yamefungwa kamba, yamepangwa hadi mlangoni. Bridget amelia. Roho iliniuma, kusema kweli. Amenituma kwa Mama Sumeya kuomba madumu. Nimerudishiwa mawili, moja linavuja. Mwalimu Ndila ameniona nayo kwenye foleni ya mfereji, akanikumbusha lile la tatu.

Jumamosi, 8 Juni

Bridget hanisemeshi. Nimemkalisha chini, nikamweleza yote: iko dunia ambayo saa hii yuko Gitothua, anafungua mfereji wake. Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, basi iko pia dunia yenye Bridget aliyenipikia, niende nikale huko.

Nimekula mkate mkavu kwa furaha. Hatimaye mwanamke ameelewa sayansi!

Mtihani ujao ni mwezi wa saba. Safari hii nitamweleza mtahini kabla hajashika kalamu.