Mashine ya Maji na Benchi Langu

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri. Goti la kushoto linauma. La kulia linasubiri zamu yake. Binti yangu amengoja nimalize chai ndipo akaniambia. Ana adabu yule, hachinji mtu mwenye njaa. Jumamosi benchi langu linatoka karakanani. Kwenye kona ile litawekwa tangi la pili, la kutuliza mchanga uliokwisha kutumika. Miaka thelathini na nane nimesimama pale, leo nafukuzwa na tope.

Niandike vizuri, nikifa wajue kilichoniua. Karakana ilikuwa yangu. Nilikata chuma kwa msumeno na tupa, mgongo wangu ni shahidi. Sasa ni ya Binti na mumewe, na katikati imekaa mashine yao. Inachukua maji, haya haya ya kunawia uso, inayabana mpaka yanakasirika, kisha inayatoa kwa kitundu kama cha sindano pamoja na mchanga mwekundu. Bamba la chuma la unene wa vidole viwili linakatika kama sabuni. Hakuna cheche, hakuna moshi. Kazi ya chuma bila moshi ni kama msiba bila kilio. Utajuaje kuna jambo?

Mkwe wangu ndiye anayeiendesha. Nimempa jina la Bwana Milimita. Nikisema kitu kina urefu wa vidole vitatu, huuliza kwa upole: vya nani, Baba? Mtu wa namna hiyo hugombani naye. Nimejaribu.

Mimi nimebakiwa na kona, benchi, jiliwa la kubania vyuma, na tupa sita. Mbili bado zina makali. Benchi nililiunga mwenyewe kwa chuma bapa, na mguu wake wa mbele una alama nne ukingoni. Binti alipoanza kusimama, mama yake alimwegemeza pale, nami nikapiga tupa usawa wa utosi wake. Kwenye chuma, si kwenye mtoto, ingawa mama yake alipiga kelele kama ni mtoto. Mara nne tulifanya hivyo. Kabla hajatimiza miaka mitatu alikuwa amelipita benchi, tukaacha. Mama yake tumemzika mwaka wa sita huu. Benchi likienda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, alama nazo zimekwenda.

Sikumwambia Binti habari hiyo. Mzee haombi kukumbukwa. Mzee anapanga.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: kuiharibia mashine jina. Nimeketi mlangoni na sura ya majonzi, kazi ambayo uso wangu hauhitaji kusaidiwa. Kila mteja nilimnong'oneza kwamba chuma kilichokatwa kwa maji huota kutu kwa ndani, huioni mpaka siku kinapokuangukia. Mmoja alikuja na bawaba za geti. Alinishukuru sana, akaondoka, akazungukia mlango wa nyuma.

Kisha akaja Mama Mikate, mwenye tanuri la mtaa wa pili, na giya ya mashine yake ya kukandia unga. Meno yamelika. Giya hiyo niliikata mimi kwa mkono, wiki mbili nzima, yeye akiwa bado msichana wa kufagia unga kwa baba yake. Nikamwambia aniachie, nitamkatia nyingine kwa mkono ule ule. Akauliza mkono upi, huu unaomwaga chai? Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini. Akasema hakuja kununua maini, anataka giya, na anaitaka Alhamisi kwa sababu Ijumaa shule ya bweni inachukua mikate mia tatu.

Akapita ndani. Binti akamwahidi Alhamisi.

Mvua haijakatika. Paa linavuja mahali pamoja tu karakana nzima, juu ya stuli yangu.

Jumatano, 8 Mei

Siku yangu. Bwana Milimita amesafiri kufuata mchanga wake mwekundu, atarudi Ijumaa asubuhi. Binti amekwenda kupima ngazi ya mteja. Aliniachia maneno matatu: Baba, usiguse kitu. Ni mengi mno kwa kichwa changu. Nilishika mawili ya mwisho, nayo nikayabadili kidogo.

Mpango wa pili: kuwaonyesha kwamba mzee naye anaiweza mashine yao. Mzee mwenye kazi haondolewi benchi lake.

Si jambo gumu. Nimemtazama mkwe miezi minane nikijifanya nasinzia. Unaweka kitu juu ya meza nyeupe, kamera iliyo juu inakipiga picha, kompyuta inakifuata ukingo wake, kisha mashine inakata bamba vile vile ilivyoona. Shule niliiacha darasa la nne, au ndiyo iliyoniacha mimi, lakini picha naijua.

Nikaiweka giya ya Mama Mikate mezani. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Mashine ikaguna, ikanguruma, ikakata. Dakika kumi na moja! Kazi ya wiki mbili. Nilisimama pale maji yakinirukia usoni, sikujua nicheke au nimlilie yule kijana niliyekuwa, aliyepoteza ukucha kwa giya ile.

Kwa kuwa bamba lilikuwa bado na nafasi, nikakata nyingine. Na nyingine. Jumla saba. Mtu mwenye bidhaa kabatini hasukumwi.

Ya kwanza nikampelekea Mama Mikate mwenyewe pamoja na ile ya zamani, siku moja kabla ya ahadi. Akaiweka juu ya ile ya zamani. Zimelingana hata unywele haupiti. Akaniita fundi. Ni miaka sijaitwa fundi na mtu asiyenitania.

Binti aliporudi nikamweleza. Aliuliza kama nilirekebisha meno kabla ya kukata. Nikamwambia yamelingana kabisa. Akafumba macho. Nikadhani amechoka na ngazi.

Alhamisi, 9 Mei

Penye wazee haliharibiki neno. Neno ni kweli halikuharibika. Iliyoharibika ni mashine ya kukandia unga.

Mama Mikate alikuja saa mbili asubuhi nywele nyeupe pe. Nikampa pole, nikidhani amepata habari mbaya. Ulikuwa unga. Anasema giya ilizunguka mara tatu, ikateleza, ikashika ghafla, na kinyunya, unga uliokandwa wa kilo arobaini, kikapanda darini. Kipo huko hadi sasa. Kinadondoka kidogo kidogo, anasema, kama kinawaza.

Akaitupa giya juu ya benchi langu, na ile ya zamani kando yake. Nikaitazama kwa miwani, jambo ambalo ningelifanya jana kama miwani isingekuwa mfukoni. Meno yaliyolika kwenye giya ya zamani yamelika pia kwenye mpya. Lile lililomeguka ncha limemeguka ncha. Hata pengo dogo alilolipiga baba yake kwa nyundo mwaka wa kwanza, lipo, safi kabisa, linang'aa. Mashine haikuongeza wala haikupunguza. Nimemkatia mwanamke giya mpya yenye umri wa miaka thelathini.

Nikajitetea kwamba alisema mwenyewe zimelingana. Akajibu kwamba hata mimi na marehemu babu yake tunalingana, ila mmoja amepumzika. Ulimi wake haujawahi kuhitaji kunolewa.

Zile sita za kabatini ni pacha wake. Na bamba nililozikatia, kumbe lilikuwa limetengwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Binti hakugomba. Hapo ndipo panaponiua. Mama yake naye alikuwa hivyo: akikasirika, nyumba nzima inakuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani ikikusema. Aliketi kwenye stuli yangu, palepale panapovuja, akaacha matone yamwangukie begani. Kisha akasema ndiyo maana aliniomba nisiguse, si kwa dharau, ni kwa sababu mashine haijui kitu kilivyokuwa, inajua kilivyo tu. Mikate mia tatu ni kesho, mumewe hayupo, na meno yote yamelika, hakuna hata moja zima la kupimia.

Sikula mchana. Jioni nilikula kidogo, kwa hasira.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana Milimita alishuka na magunia yake alfajiri, akaambiwa yote akiwa hajavua koti. Hakunilaumu. Aliikalia giya na rula yake ya kubana, akapima, akaandika, akafuta. Mwisho akaniuliza, mikono nyuma kama mbele ya mwalimu: Baba, ilipokuwa mpya ilikuwaje?

Swali hilo hajaniuliza mtu kwa miaka mingi, iwe juu ya giya au juu ya chochote.

Nikaenda nyuma ya benchi. Kuna msumari pale, na kwenye msumari vigezo vyangu vya bati. Kila kitu nilichowahi kukata, nilikata kwanza umbo lake kwenye bati, nikachora chuma kwa kulifuata. Kimoja, cha giya ile ya mikate, kina meno kumi na saba, kimejaa vumbi, makali yake mazima. Hakijawahi kufanya kazi hata siku moja, ndiyo maana hakijazeeka. Wapo watu wa namna hiyo.

Bwana Milimita alikishika kama yai. Akakipiga picha, akapima unene kwenye ile ya zamani, akakata. Saa tano Mama Mikate alituma habari kwamba giya inazunguka kimya, hata ameogopa. Shule ilipata mikate. Ilichelewa, lakini njaa haijali saa, inajali mkate.

Mkwe akanieleza somo, kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha: usinakili kilicholika, tafuta kilivyokuwa kizima. Nikamwambia nalijua hilo kabla hajazaliwa.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikasafisha koo, nikatangaza kwamba bila benchi kusingekuwa na msumari, bila msumari kusingekuwa na kigezo, kwa hiyo benchi libaki. Binti akanishika mkono. Akasema ahsante, Baba, umetuokoa leo. Akasema tangi linafika kesho saa nne.

Mvua.

Jumamosi, 11 Mei

Vibarua wanne. Niliwaambia ni zito, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Lilipoinuka, mguu wa mbele ulilia kwa sauti, na kisigino chake chote, kiasi cha kiganja, kilichokuwa kimeliwa na kutu, kikabaki sakafuni. Likatoka mlangoni likichechemea. Tumefanana.

Lori la vyuma chakavu lilikuwa limekwisha kufungua ubao wa nyuma. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Ndipo Binti alipowasimamisha. Alikuwa ameinama kwenye ule mguu, kidole kinapita juu ya alama. Akaniuliza ni nini hizi.

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Mama yake, kelele zake, kichwa kidogo kilichonukia mafuta ya mtoto. Nikasema nilikuwa najaribu tupa.

Akasema: Ulijaribu tupa mara nne, Baba, kila mara juu kidogo?

Nikasema tupa zilikuwa mbaya siku zile.

Alisimama karibu na mguu, akalinganisha alama ya chini na paja lake. Kisha akawaambia vibarua benchi haliendi kwenye lori. Liwekwe upenuni, nje, karibu na dirisha. Ni nje. Lakini ni upande wa dirisha lake.

Bwana Milimita aliutazama ule mguu mfupi, akaahidi kwamba Jumatatu atapima ile mitatu mizima na kunikatia mpya ulionyooka. Mpya! Ulionyooka! Usio na alama. Nikamshukuru. Moyoni nikasema, utanikuta.

Jumapili, 12 Mei

Karakana imefungwa, wote wamelala. Binti hajawahi kuninyang'anya ufunguo wa zamani. Labda alisahau, labda hakusahau. Nimefungua saa moja asubuhi, nikalipita tangi jipya bila kulisalimu.

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro. Niliufungua ule mguu wa zamani, nikaulaza juu ya meza nyeupe, nikaubusu kidogo kwa bahati, kamera ikaupiga picha. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Maji yakakasirika. Nikakata miwili, mmoja wa akiba.

Kazi safi ajabu. Alama zote nne zimetoka ukingoni, nzuri kuliko nilivyozipiga mwenyewe. Nilipitisha kidole. Chini, juu kidogo, juu kidogo, juu. Nilikaa nao mapajani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikaufunga kwenye benchi. Benchi likachechemea.

Nikautazama. Kisigino nacho kimetoka vile vile: hakipo. Kwenye wa akiba pia hakipo.

Nimeweka kabari ya mbao chini. Nimeketi upenuni, mvua inapita hatua moja kutoka vidoleni mwangu. Nimefikiri sana. Kosa limeonekana, na si langu. Kesho asubuhi, kabla mkwe hajashuka, nitamweleza Binti polepole kwamba kamera ya mumewe haioni vizuri vitu vya chini.