Bima ya Mafuriko, Chundwa

Alhamisi, 24 Aprili 1958

Nimerudi nyumbani Chundwa kutoka Lamu, nilikokwenda kumpa shemeji mkono wa Idi. Alhamdulillahi, sikurudi mikono mitupu. Nimerudi na daftari hili, na wazo.

Wazo ndilo kubwa. Dukani kwa Mhindi nilimkuta karani mmoja wa Mombasa akieleza habari za bima. Mwenye jahazi hutoa kitu kidogo kila mwaka. Jahazi likizama, analipwa. Lisipozama, alichotoa hakirudi. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Hakirudi! Na watu hutoa kwa hiari yao!

Sisi hatuna majahazi, lakini tuna bonde. Mashamba yetu yote yamo bondeni, na masika yakizidi maji hushuka yakabeba miche. Mwaka juzi tulipanda mara mbili. Basi: bima ya mafuriko! Kila nyumba itanipa pishi moja ya mbegu. Maji yakiharibu shamba, mwenye shamba atapewa pishi mbili apande upya. Yasipokuja, mbegu zangu.

Radhiya, mke wangu, akauliza ile pishi ya pili itatoka wapi. Nikamwambia mambo ya bima ni marefu. Hakuuliza tena. Namshukuru Mungu kwa mke mwenye subira.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimechonga muhuri kwa kipande cha muhogo, nikauchovya katika hina ya Radhiya. Unapendeza ajabu. Hati kumi na nne kwa nyumba kumi na nne. Wote wametoa!

Wa mwisho alikuwa Bi Hadia, mkulima mkongwe kuliko sote, aliyetusomesha Kurani nusu ya mji. Alinitazama sana. Akasema mashamba yote yamo katika bonde moja, kwa hiyo maji yakija yatakuja kwa wote siku moja. Nikamjibu kwamba kitaalamu haiwi hivyo. Akacheka, akatoa pishi yake. Akasema anatoa kwa sababu alimpenda marehemu mama yangu.

Magunia nimeyaweka ghalani nyuma ya nyumba. Mahindi, mtama, kunde. Nimekwenda kuyatazama mara nne leo.

Jumatano, 30 Aprili

Fitina!

Baada ya sala ya alasiri akasimama jirani yangu Jeilani, mchimba visima. Mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatumia dhidi yangu. Akasema, "Maji haya hayana ndia. Natuyape ndia, nti yetu ipone." Anataka tuyape maji njia, tuchimbe mtaro kutoka bondeni hadi mikokoni, upite nyuma ya nyumba yangu.

Watu wote wakakubali. Wateja wangu wote! Mtaro ukiwapo nani ataitaka bima? Watazidai mbegu zao. Nikasimama, nikasema mbele ya msikiti mzima kwamba katika kiwanja changu halitaingia jembe la mtu.

Nyumbani Radhiya akasema mtaro ukichimbwa hakutakuwa na mafuriko, na hapo mbegu zote zitabaki kwangu. Nikamwambia haelewi bima.

Nimefikiri tangu magharibi. Anaielewa kuliko mimi. Lakini nimeshasema mbele ya msikiti mzima.

Jumapili, 4 Mei

Wamechimba siku nne. Leo mtaro umefika mpakani kwangu. Umebaki hatua ishirini tu kuingia mikokoni, na hizo ishirini ni zangu. Jeilani akaja mlangoni, akanisalimu vizuri, akaniomba ruhusa. Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ukasema hapana.

Hakugomba. Akachukua jembe lake akaenda zake. Angegomba ningepata nafuu.

Mtaro wenyewe ni mzuri, lazima nikiri. Mpana, umenyooka. Umekomea hasa mbele ya ghala langu.

Jumatatu, 12 Mei

Nguo bado zinachuruzika maji. Naandika hivyo hivyo.

Mvua ilianza juzi na haikupumua. Leo baada ya adhuhuri maji ya bonde yalijaa, yakauona mtaro, yakaingia kwa adabu kama watu wanaoingia harusini. Yakanyooka nao. Yakafika kwangu. Mtaro ukaisha, maji hayakuisha.

Ukuta wa ghala ulianguka kama biskuti kwenye chai. Nikaingia. Maji kiunoni. Nikakumbatia gunia moja, jingine likapasuka. Nikaliacha la kwanza nikashika la pili. La kwanza nalo likapasuka. Radhiya alikuwa juu ya kitanda na kuku wawili na Kurani kichwani, ananiita nitoke, nyumba inalia. Kweli ilikuwa inalia. Nguzo ya kati ilikuwa inasema kr, kr.

Nikasikia majembe. Jeilani! Na nyuma yake watu wa nyumba zote, na makuti vichwani. Hakuomba ruhusa mara hii. Akapiga jembe katika kiwanja changu, akaniambia maneno manne tu: "Bwana Muhdhar, kamata jembe."

Nikakamata. Tulichimba hatua zile ishirini katika mvua, hatuonani. Zilipofunguka, maji yakageuka yote kwa pamoja, yakaenda mikokoni. Nguzo ikanyamaza.

Nililia. Katika mvua ile hakuna aliyejua. Radhiya alijua.

Jumanne, 13 Mei

Nyumba imesimama. Mke yu hai. Kuku wako hai. Sina maneno ila alhamdulillahi, na kwa Jeilani sina uso. Nilimpelekea bakuli la haluwa ya Idi iliyobaki. Akalipokea, akala, akarudisha bakuli lina samaki wa kukaanga. Mtu huyu hajui kugomba kabisa.

Bondeni ni msiba. Maji yalikaa saa nyingi kabla ya kupata njia, na miche yote imekwenda. Mashamba kumi na manne. Bi Hadia alisema kweli, siku moja kwa wote. Na kama si hatua zangu ishirini yasingekaa.

Mbegu nilizookota ni matope matupu, mahindi na mtama na kunde pamoja. Nimezirudisha katika magunia, nimeyafunga vizuri. Wanaouliza nawaambia ziko katika hifadhi.

Alhamisi, 15 Mei

Hifadhi inanuka.

Nimefungua gunia asubuhi. Zimeota! Kila punje imetoa mzizi mweupe. Ukiingiza mkono kuna joto kama mkate uliotoka jikoni. Nikafunga upesi. Nikawaza kwenda kuishi Kiunga, ambako sijulikani.

Sikuwahi. Walikuja wote na hati zao. Hina imechuruzika, karatasi zote zimekuwa rangi ya kahawia, lakini walizishika kwa adabu. Hawakupiga kelele. Wameacha mbegu zao za akiba kwangu, na watoto wao watakula nini mwezi wa nane ikiwa hawakupanda sasa? Hilo hakuna aliyelisema. Nililiona.

Nikawaambia yote. Kwamba pishi ya pili haikuwapo tangu mwanzo. Kwamba hata ya kwanza imeharibika. Nikawafungulia magunia, nikatazama chini.

Nikasikia Bi Hadia anacheka. Alikuwa amechota konzi, anaipindua kiganjani, anainusa. Akasema hazijaoza. Akasema, "Huyu katuroweka mbegu bila kuombwa. Ardhi i laini. Zikiingia leo na kesho, zitashika. Kesho kutwa zimekufa." Kisha akanigeukia. Pishi ya pili, akasema, nitailipa kwa mgongo wangu. Nitapanda katika mashamba yote kumi na manne.

Nilimbusu mkono. Sikuwa nimembusu mkono tangu nilipohitimu chuo chake cha Kurani.

Ijumaa, 16 Mei

Tumepanda tangu jana, tukapumzika kwa sala ya Ijumaa tu. Mji mzima, wanawake kwa wanaume. Hakuna aliyeweza kuchagua mahindi wala kunde, zilikwenda pamoja shimoni. Viganja vyangu vina malengelenge saba. Jeilani alipanda mstari wa pembeni yangu. Akaniambia mstari wangu umepinda. Ndilo neno refu zaidi la urafiki nililowahi kupata kwake.

Jumamosi, 14 Juni

Zimeshika!

Bonde lote ni kijani. Halina mpango, hindi hapa, mtama pale, kunde zimepanda juu ya vyote viwili, lakini limejaa. Mvua kubwa ya juzi ilipita mtaroni hadi mikokoni, haikugusa mche mmoja. Bi Hadia alinishika bega, akasema Mungu ametusitiri. Niliona haya, nikafurahi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Jeilani. Namshukuru Bi Hadia, na Radhiya, ambaye hata siku moja hajasema "nilikwambia."

Nikikaa nikifikiri, lakini, ni nani aliyezikusanya mbegu zile pamoja? Bila bima zingeota pamoja, siku moja? Bima ilifanya kazi. Kasoro ilikuwa ni maji tu. Jambo la maji si la bima.

Mwewe, hilo ni jambo jingine. Mwezi huu mwewe amebeba vifaranga kila nyumba, na mwewe mmoja hawezi kuingia nyumba kumi na nne siku moja! Hiyo ndiyo bima yenyewe. Kila nyumba itaniletea kuku mmoja, nimhifadhi. Nimechonga muhuri mpya.

Jeilani ameleta wa kwanza. Alinitazama, akacheka. Nimemfungia kuku ghalani, ukuta mpya, mlango mzito, yeye peke yake na gunia letu la mchele lililo wazi. Humo hakuna mwewe atakayeingia.