Bati Namba Saba

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika. Mabega yamekufa ganzi kwa begi. Mji mdogo: barabara moja, nyumba ya wageni moja, na bahari kila unakogeuza shingo. Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Naiogopa bahari mno. Sijui kuogelea hata kwenye beseni. Nimekuja kwa sababu kila msafiri niliyekutana naye njiani aliniuliza kama nimeshayaona matumbawe ya huku, na nimechoka kujiumauma.

Mama mwenye nyumba amenipa chumba cha chini, ubavuni mwa pampu ya maji. Pampu inakohoa usiku na mchana. Juu kuna chumba kitupu chenye roshani. Nikakiulizia. Akasema anakiweka kwa mtu maalumu. Kabla sijauliza maalumu vipi, akaingia msafiri mwingine, jamaa mrefu mpaka anainama mlangoni, akaanza kusimulia kwamba ameshazamia mara kumi na tisa. Mama akamtazama kwa jicho la roshani kabisa.

Ulimi ukanitangulia. Nikasema mimi nimefundisha watu kuzamia miaka sita.

Roshani ni yangu!

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Wakati wa chai mama kaniambia, mwanangu, Mungu ndiye aliyekuleta. Kaka yake ndiye mwenye boti, ndiye anayepeleka wageni kwenye mwamba, na hana mtu wa nyuma. Mtu wa nyuma huogelea mwisho kabisa, kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki majini. Kazi inaanza kesho! Yule jamaa, namwita Mrefu, akanipa mkono, akasema sasa ana amani. Akashangaa mkono wangu ulivyo baridi. Akasema ndivyo ilivyo mikono ya wazamiaji.

Nimekwenda kukagua. Gati la mawe, ngazi ya chuma inashuka majini, kamba yenye maboya inanyooka hadi kwenye mwamba. Maji ni maangavu, unaona mpaka chini, na huko chini ndiko nisikotaka kuona.

Gatini yupo jamaa mwenye filimbi shingoni. Nimembatiza Bwana Ubao. Kila anayeingia majini huchukua bati lenye namba kwenye ubao wake, akalifunga mkononi. Akitoka, analirudisha kwenye msumari wake. Msumari mtupu, mtu yumo majini. Misumari yote ikiwa na mabati, kazi imekwisha. Ameniambia yeye haamini macho ya mtu yeyote, anaamini ubao.

Nyuma ya ubao kuna stoo ya vifaa. Haina kufuli. Nimepata wazo.

Jumatano, 11 Juni

Nimefaulu! Nilichukua bati namba saba, nikawaacha wote watangulie. Bwana Ubao alikuwa kwenye ncha ya gati, amenipa mgongo, anahesabu vichwa. Nikachepuka stoo. Saa nzima nimekaa juu ya majaketi ya kuokolea, nikishtuka kila ubao wa sakafu ulipolia. Waliporudi nikajimwagia ndoo ya maji ya chumvi, nikajichanganya nao, nikatundika bati langu bila wasiwasi. Tuseme kwa wasiwasi kidogo.

Mrefu akasema hakuniona hata mara moja. Nikamjibu kwamba mtu wa nyuma aliye hodari haonekani. Akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake!

Mama kaniongezea mto wa pili. Lakini nikifumba macho naona maji tu.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Wino umechafua ukurasa.

Nilijificha tena stoo na bati namba saba. Kulikuwa na joto, majaketi laini. Usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na filimbi. Ndefu, haikatiki. Nikachungulia kwenye ufa. Wageni wote walikuwa juu ya gati, wamelowa, wamejikunyata. Bwana Ubao kashika kichwa kwa mikono miwili. Msumari namba saba mtupu! Mama alikuja mbio na kiatu kimoja, akilia kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtoto wa watu. Kaka mtu akaondoka na boti, na macho yote yakaifuata upande wa kulia. Upande wa kushoto, chini ya ufa wangu, Mrefu akavua shati akaruka majini. Hakupita kwenye ubao. Bati lake, namba nne, alikuwa ameshalirudisha. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Mtu mwenye akili zake angetoka papo hapo. Mimi nikapata wazo. Nikatambaa, nikatundika namba saba, nikazunguka nyuma ya miamba, nikatokea ng'ambo nikitembea taratibu na kuuliza kuna nini. Nikasema mkondo ulinitupa upande wa pili.

Furaha iliyoje! Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Bwana Ubao akatazama ubao wake, mabati yote yapo. Akapiga filimbi tatu. Boti ikageuza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mrefu bado yumo. Ananitafuta mimi. Maji yanakupwa, kamba yote imevutika kuelekea nje, na kaka mtu anashuka kwenye boti akisema saa hii mkondo haufai.

Nikauliza, kama mtu asiye na haraka, Mrefu yuko wapi. Mama akasema atakuwa ameenda kubadili nguo. Nikasema pengine yumo majini. Bwana Ubao akanionyesha kwa kidole namba nne inavyoning'inia. Nikasema nimemwona kwa macho yangu akiruka kutoka hapa gatini.

"Wewe si ulikuwa nyuma ya miamba?" akaniuliza. "Umemwonaje?"

Niliona roshani ikiniaga. Niliona nyuso zao zote zimenigeukia. Halafu nikaiona bahari, tambarare, haina kichwa cha mtu hata kimoja, na hofu ile ikazishinda zote. Nikapiga kelele kwamba nilikuwa stoo! Sijaingia majini hata siku moja! Sijui kuogelea! Bati nimelitundika mimi, kwa siri, na Mrefu kaingia bila bati!

Kaka mtu alikuwa ameshawasha injini.

Dakika ishirini na tano. Nilijikuta kwenye ngazi, maji yamenifika kiunoni, sijui nimeshukaje. Nililia wazi mbele za watu. Nilimwahidi Mungu kila kitu nilicho nacho na vingine nisivyo navyo.

Walimkuta ameng'ang'ania boya la mwisho, goti limechanwa na matumbawe, midomo haina damu. Aliponiona alinirukia shingoni. "Upo hai, kaka! Upo hai! Nimekutafuta kila mahali!" Analia, mimi nalia. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Mama ndiye aliyemwambia, baadaye, sebuleni, kwa sauti ndogo. Mrefu akatoa daftari lake, akachana ukurasa wenye maneno yangu, akauweka kiganjani mwangu, akaenda zake akichechemea.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeondoka asubuhi. Mama hakunifokea. Alinifungia mkate kwenye gazeti, akaniambia, mwanangu, nenda salama, na usirudi. Ningependa zaidi angenifokea.

Jumapili, 15 Juni

Nipo milimani. Safari ya siku mbili kutoka baharini. Nimetafakari njia nzima, mpaka kichwa kimeniuma, na nimekiri kosa langu. Uongo wa majini unaua watu. Sirudii tena, naapa! Huku maji ni ya bomba tu.

Mwenye nyumba ya wageni ni baba mmoja mpole. Ana chumba kimoja chenye meko, vingine vina baridi ya kung'oa meno. Mapokezini alikuwepo dada mmoja mwenye begi kubwa, anasimulia vilele alivyopanda, na yule baba anamsikiliza huku anachezea ufunguo wa chumba cha meko.

Nikasema mimi nimeongoza watu mapangoni miaka minane.

Moto unawaka vizuri. Kesho saa mbili asubuhi nawaingiza pangoni watu kumi na mmoja, wawili kati yao ni watoto. Wanasema ndani ni giza totoro, njia zinagawanyika ovyo, na popo hawahesabiki. Lakini wanasema pia kuna tundu la kutokea, dogo, la mtu mmoja, karibu na mlango. Nimeshaenda kulijaribu. Napita.